Maswali na majibu: paa linalovuja, bwawa uani na nyumba ya bibi Mji Mkongwe

Masika yakikaribia, maswali ya paa huzidi mengine yote, na mwaka huu ni hivyohivyo. Nimeyafupisha mliyoniandikia na kuondoa majina. Yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Nimejenga Goba nyumba ya paa la kujificha. Haina hata miaka miwili. Mvua ikinyesha, dari la jipsamu la sebuleni na la chumba masta linatoa madoa ya rangi ya chai, na wiki iliyopita kipande kimeanguka. Fundi ameshapaka lami mara mbili. Nibadili bati lote?

Usibadili bati kwanza, kaka. Panda juu uangalie gata.

Kwenye paa la kawaida, gata likijaa, maji humwagika nje, uani. Kwenye paa la kujificha, gata liko ndani ya kuta za juu, kwa hiyo likijaa maji hayana pa kwenda isipokuwa darini kwako. Hesabu mwenyewe: paa la mita za mraba 150, mvua ikinyesha milimita 50 kwa saa moja, ni lita 7,500 zinazotakiwa kutoka kwenye gata lako ndani ya saa hiyo. Tanki la lita 5,000 na nusu yake.

Mwaka jana nilipanda paa la nyumba moja ya Madale yenye tatizo kama lako. Bomba la kutoa maji lilikuwa moja tu, la inchi 2, na mdomoni pake palikuwa na majani ya mwarobaini, kipande cha mfuko wa saruji na glovu ya fundi. Maji yalikuwa yamesimama kwenye gata, yamepita ncha za bati. Bati lenyewe halikuwa na tundu hata moja. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa fedha ya lami, ya rangi na ya dari jipya, yote kwa tatizo la bomba.

Kwa hiyo fanya hivi. Safisha gata, kisha limiminie maji kwa ndoo na uone yanaelekea wapi. Yakisimama, mteremko wa gata haupo, itabidi litengenezwe upya. Mabomba yawe ya inchi 4, na yasipungue mawili hata kama nyumba ni ndogo, ili moja likiziba lingine lifanye kazi. Halafu toboa kwenye ukuta wa juu tundu la dharura, chini kidogo ya usawa wa ncha za bati. Siku mabomba yote yakiziba, maji yatatokea hapo na kumwagika nje, nawe utayaona kabla hayajafika ndani. Hilo tundu mafundi wengi hawaliweki kwa kuwa linaharibu sura ya nyumba. Lidai.

Sehemu ya pili ya kuangalia ni pale bati linapokutana na ukuta. Lami ya kupaka hukauka kwa jua, hupasuka, na baada ya miezi michache mko palepale. Panatakiwa bati la kufunika lililochimbiwa ndani ya ukuta, na juu ya ukuta wenyewe pawe na kofia ya zege yenye mteremko. Ndani ya gata la zege weka utando wa lami unaochomwa kwa moto wa gesi, na upandishwe pembeni hadi ukutani. Ukimaliza, ziba mabomba, jaza gata maji, uache siku nzima kabla fundi wa jipsamu hajaitwa.

Na wewe unayefikiria kujenga nyumba ya namna hii, sikiliza. Sura yake ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini paa la kujificha halina upenuo wa kutoka nje ya ukuta, kwa hiyo jua la saa tisa linapiga ukuta na dirisha moja kwa moja, na mvua ya upepo nayo vilevile. Kwa joto la Pwani, upenuo wa sentimita 60 hadi 90 ni kivuli cha bure kwa maisha yote ya nyumba. Ukiamua kuukosa, basi weka vivuli vya zege juu ya madirisha, hasa ya mashariki na magharibi, na utenge fedha ya kukagua gata kila mwaka kabla ya masika na kabla ya vuli.

Nataka kubomoa ukuta kati ya sebule na jiko ili pawe wazi kama nyumba za kisasa. Ni nyumba ya ghorofa moja, sisi tunakaa chini. Fundi anasema haina shida.

Aliyesema haina shida amepiga hesabu gani? Muulize. Katika nyumba zetu nyingi ukuta wa tofali ndio unaobeba, hata kama kuna nguzo, kwa kuwa nguzo nyingine ziliwekwa bila kujali boriti ya juu inatua wapi. Ita mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje aone, aandike. Chukua pia kibali cha halmashauri. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na jengo lenyewe. Wakazi wa Dar es Salaam tunakumbuka ghorofa 16 lililoanguka katikati ya jiji Machi 2013 na kuua watu 36, na tunakumbuka Kariakoo Novemba 2024. Pale ambapo kuna watu wanaolala juu ya ukuta, neno la mdomo halitoshi.

Tuna kiwanja kizuri Mbezi Beach, na mume wangu anataka bwawa la kuogelea. Mimi naogopa gharama za baadaye. Ni kubwa kiasi gani?

Mama, hofu yako ina msingi, ila inahesabika. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hilo ni maji lita 48,000. Pampu ya nguvu ya farasi moja ikifanya kazi saa nane kwa siku inakula uniti 6 hivi, yaani kama uniti 180 kwa mwezi, na hapo hujawasha taa. Zidisha kwa bei ya uniti unayoiona kwenye risiti yako ya LUKU. Jua na upepo wa bahari nao huondoa maji: yakipungua milimita 5 kwa siku, ni lita 160 za kuongeza kila siku, karibu lita 5,000 kwa mwezi. Ongeza klorini na mtu wa kusafisha.

Jambo ambalo watu wa pembezoni mwa bahari hawaambiwi ni maji ya chini ya ardhi. Kwenye maeneo ambako ukichimba kidogo unakutana na maji, bwawa likimwagwa lote kwa ajili ya usafi linaweza kusukumwa na maji ya chini, likainuka na kupasuka. Kabla ya kuchimba, pima ujue maji hayo ya chini yapo umbali gani msimu wa mvua, na mchoraji aweke njia ya kupunguza shinikizo hilo.

Kina kirefu hamkihitaji. Mita 1.2 hadi 1.5 inatosha kuogelea, na inapunguza maji, saruji na nondo. Lakini uzio wenye geti la kujifunga lenyewe ni wa lazima, hata kama watoto wa nyumba wameshakuwa wakubwa. Wageni wanakuja na watoto, na mtoto anazama kimya. Kama bajeti haitoshi bwawa na uzio, basi haitoshi bwawa.

Assalaam aleykum. Niko Maskati. Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya bibi yetu Mji Mkongwe, Unguja. Tunataka kuikarabati iwe ya kifahari, tuweke wageni: plasta mpya ya saruji, marumaru kila chumba, na mabafu makubwa ghorofa ya juu. Tuanzie wapi?

Waaleykum salaam, dada yangu. Swali lako nimelisoma kwa furaha na kwa wasiwasi, kwa sababu nyumba kama hiyo ikikosewa mara moja hairudi.

Anzeni na karatasi. Mirathi ikamilike, na warithi wote wakubaliane kwa maandishi, maana ndugu mmoja aliyekaa kimya leo anaweza kusimamisha kazi ikiwa katikati. Hakikisheni nyumba si wakfu, yaani mali iliyotengwa isiuzwe wala kurithiwa. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na mambo yake yanapitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Baada ya hapo nendeni kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Mji wote umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo hata kubadili dirisha kunahitaji ruhusa. Wanao watu wanaozijua nyumba hizi, tumieni ujuzi wao.

Sasa saruji. Nakuomba uiache. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na zinavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuachia unyevu huo utoke taratibu. Ukipaka saruji, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi ndani ya ukuta mpaka unafika kwenye vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba dari. Boriti zinaoza mahali ambapo huoni. Juu umepaka rangi nzuri, ndani nyumba inakatika. Kama kuna saruji iliyopakwa zamani, ng'oeni taratibu, uacheni ukuta ukauke kwa miezi, kisha mpake chokaa iliyozimwa na kukaa shimoni muda mrefu. Na rangi iwe ya chokaa, isiwe ya plastiki.

Mabafu ya juu ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Sakafu ile ni boriti zilizopangwa karibukaribu, juu yake vipande vya mawe na chokaa. Ni nzito tayari. Ukiongeza zege, marumaru na bafu la kulala lililojaa maji, umeongeza tani juu ya miti iliyokwisha kuchoka. Wekeni mabafu ya kuoga kwa kusimama, mepesi, yapangwe juu ya mengine kwenye ukuta mmoja wa nje, ili bomba likivuja lionekane. Kabla ya kugusa boriti yoyote, dari itegemezwe kutoka chini hadi juu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walifariki. Hilo lilikuwa jumba lenye wataalamu.

Kuhusu ufahari: vyumba vyenu ni virefu na vyembamba kwa sababu mti wa mkoko haupiti mita tatu hivi, na kubomoa kuta ili vipanuke ni kuibomoa nyumba. Mgeni anayevuka bahari kuja Unguja hatafuti marumaru. Anataka zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizosafishwa, ua wa ndani wenye upepo, baraza, na ule mlango wa nakshi. Atakuja mtu na fedha taslimu kutaka kuununua mlango peke yake. Mkatalieni.

Benki inanipa mkopo wa nyumba wa milioni 100 kwa miaka 20, riba asilimia 15. Afisa anasema miaka 20 ni nafuu.

Rejesho ni nafuu, mkopo si nafuu. Kwa miaka 20 utalipa kama shilingi 1,317,000 kwa mwezi, jumla milioni 316. Kwa miaka 10 ni kama 1,613,000 kwa mwezi, jumla milioni 194 hivi. Tofauti ya laki tatu kasoro kwa mwezi inakuokolea zaidi ya milioni 120. Kama mshahara haubebi miaka 10, chukua mirefu, lakini uliza kwa maandishi kama unaruhusiwa kulipa zaidi bila faini, na kila ukipata fedha ya ziada upunguze deni lenyewe.

Nimepata nyumba ya kununua Chanika. Muuzaji ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa na leseni ya makazi. Inatosha?

Haitoshi kukupa usingizi. Leseni ya makazi ni ya miaka michache tu na huhuishwa, si hati miliki. Karatasi ya mtaa inaonyesha kwamba mliuziana, haionyeshi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uone mchoro wa mipango miji: nyumba nyingine zimekaa juu ya barabara au eneo la wazi. Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama imewekwa rehani. Ongea na majirani wa pande zote nne. Na mke au mume wa muuzaji aweke saini, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Muuzaji akikuambia mkewe yuko safarini, msubiri arudi. Usisahau mita ya LUKU pia: kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021.

Nauza nyumba yangu ya Kimara. Nimeshauriwa nibadili makabati ya jikoni na kuweka dari la taa za rangi ili bei ipande. Nina milioni nane.

Fedha hiyo ipeleke kwingine. Mnunuzi makini anaangalia madoa ya dari, nyufa, maji bombani na karatasi, kwa hiyo rekebisha palipovuja na upake rangi nje na ndani. Shimo la choo lililojaa lishughulikie kabla hajaja mtu. Kama mipaka haijapimwa, pima, maana nyumba yenye hati inaweza kununuliwa kwa mkopo wa benki, na hapo umeongeza idadi ya watu wanaoweza kukununulia. Makabati yaache yalivyo. Atakayehamia ataweka anayoyapenda yeye.