Maswali ya Wasomaji: Nyuzi za Neva Zisipoota, Nani Amezizuia?

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mbeya. Nalea seli za PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya. Nikiziwekea NGF, ile protini inayokuza neva, zinaota nyuzi. Nikiongeza kingamwili ya kuizima, nyuzi hazioti. Nilidhani kazi imekwisha, lakini msimamizi wangu anasema bado sijathibitisha kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako anasema kweli, na ni vizuri amekuambia mapema. Seli zisizo na nyuzi zinaweza kuwa zimekosa NGF kwa sababu kingamwili imeidaka. Zinaweza pia kuwa zinaumwa, au NGF yenyewe ilishaharibika kabla hujaitia. Kwenye darubini hali zote tatu zinafanana.

Anza na chupa ya kingamwili. Soma karatasi iliyokuja nayo utafute neno azaidi. Watengenezaji wengi hutia sodiamu azaidi ili bakteria wasiote humo, kwa kawaida asilimia 0.02 hadi 0.1. Azaidi hubana upumuaji wa seli, na seli iliyobanwa pumzi haioti nyuzi. Kama imo, itoe: tia kingamwili kwenye mfuko wa utando wa kuchujia, uzamishe katika bafa ya fosfeti kwenye jokofu la nyuzi 4 usiku kucha, ukibadilisha bafa mara mbili au tatu. Azaidi ni molekuli ndogo, itapita. Kingamwili ina uzito wa daltoni 150,000 hivi, itabaki.

Halafu piga hesabu ya molekuli, usiishie kwenye mikrogramu. NGF hutembea ikiwa pacha, uzito wake daltoni 26,000 hivi. Ukitumia nanogramu 50 kwa mililita, una nanomola 1.9 kwa lita. Mikrogramu 1 ya kingamwili kwa mililita ni nanomola 6.7 kwa lita, na kila moja ina mikono miwili ya kushikia. Kwa hiyo mikrogramu 1 inaweza kutosha kama kingamwili inashika barabara. Usikisie: NGF iache palepale kwenye nanogramu 50, kisha panga kingamwili mikrogramu 0.01, 0.03, 0.1, 0.3, 1, 3 na 10 kwa mililita. Kuzima kwa kweli hupanda kidogo kidogo kadiri dozi inavyoongezeka. Ikiwa nyuzi zinapotea ghafla kwenye 10 tu, ishuku sumu kwanza.

Changanya NGF na kingamwili nje ya seli, kwenye maji ya kulelea yenye nyuzi 37, uache saa moja, ndipo umimine. Ukitanguliza NGF, itafika kwenye vipokezi na kuwasha ishara ndani ya dakika chache. Kingamwili itakuta mgeni ameshaingia ndani.

Sasa visima vyenyewe. Katika sahani ya visima 24 iliyopakwa kolajeni, weka seli 20,000 kwa kila kisima katika nusu mililita, na upunguze seramu ya farasi hadi asilimia 1. Kuwe na kisima kisicho na NGF, chenye NGF pekee, chenye NGF na kingamwili yako, na chenye kingamwili yako bila NGF ili uone kama yenyewe inadhuru seli. Kingine kiwe na NGF pamoja na kingamwili ya kawaida, isiyoshika NGF, ya mnyama yuleyule aliyetoa yako, kiasi kilekile, bafa ileile. Hapo nyuzi zisipoota ilhali kwenye NGF pekee zimeota, tatizo halihusiani na kuzimwa kwa NGF.

Kisima tunachokipenda kuliko vyote ni cha uokozi. Chukua kingamwili mikrogramu 1, lakini NGF iongeze hadi nanogramu 500. Sasa NGF ni nanomola 19, mikono ya kingamwili haiitoshi. Nyuzi zikirudi, umepata ushahidi: seli zilikuwa hai na zilikosa NGF tu. Usilifanye jaribio hili kwenye mikrogramu 10. Mikono itakuwa mingi kuliko NGF na utadhani umeshindwa.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili kwa mchanganyiko mpya. Siku ya tano hesabu seli zenye uzi unaozidi mara mbili ya upana wa mwili wa seli, angalau seli 100 kwa kisima, na ahesabu mtu asiyejua kisima kipi kina nini.

Kuna jambo moja la Mbeya ambalo vitabu vya pwani havilitaji. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Asilimia 5 ya hewa ukaa kwenye inkubeta yako ni sawa na asilimia 4 hivi kule Dar es Salaam, hivyo maji ya kulelea huegemea upande wa alkali na rangi yake huvutia waridi. Weka asilimia 6. Tofauti hiyo peke yake haiui seli, lakini ikijumlishwa na sahani kukaa mezani dakika ishirini, inaonekana.

NGF nayo igawe kwenye vijichupa vya matumizi ya mara moja, ndani ya albumini asilimia 0.1, maana ikiwa nyepesi hunata kwenye plastiki. Umeme ukikatika ikayeyuka na kuganda tena, usiiamini.

SWALI: Kingamwili yangu inaonyesha NGF vizuri kwenye utando wa kupimia protini (western blot), lakini haizimi. Ni mbovu? – Msomaji, Iringa

JIBU: Si lazima. Huenda inashika sehemu ya NGF isiyogusa kipokezi. Kushika na kuzima ni kazi mbili; agiza iliyopimwa kwa kuzima.

SWALI: Chuoni kwetu hatuna PC12. Mayai ya kuku yanafaa? – Mkufunzi, Mafinga

JIBU: Yanafaa sana. Ndiyo njia iliyowapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Tafuta mayai ya kuku wanaokaa na jogoo, yaweke nyuzi 38 kwa siku nane. Ng'oa vifundo vya neva kandokando ya uti wa mgongo, weka juu ya kolajeni na NGF nanogramu 10 hadi 20 kwa mililita. Baada ya saa 24 kifundo kinazungukwa na nyuzi laini pande zote, kama miale ya jua. Kwenye kingamwili kinabaki kipara, au karibu: vifundo hivi huitikia pia BDNF na NT-3, protini nyingine zinazokuza neva, kwa hiyo nyuzi chache zikibaki si lazima uwe umekosea.

SWALI: Ni kweli kingamwili hizi zinatibu maumivu ya mbwa? – Mfugaji, Makambako

JIBU: Ndiyo. NGF huchochea maumivu ya viungo. Bedinvetmab ni ya mbwa, frunevetmab ni ya paka, na hazibadilishani. Ya maabara usimchome mnyama kabisa: huenda ina azaidi, na mwili wake utaiona kuwa kitu kigeni na kuishambulia.