Lailaki gani itashika Mombasa?
Hakuna hata moja, ndugu, lailaki ni kichaka cha maua ya harufu cha nchi za baridi, si ile ya kawaida Syringa vulgaris wala Miss Kim ile fupi ya asili ya Korea, zote zataka wiki kadhaa za baridi kali ndio macho ya maua yafunguke, na huku kwetu hata Julai usiku wenyewe ni nyuzi 20 hivi. Lavender Lady ilizalishwa California kwa sehemu zisizo na baridi nyingi, lakini bado yataka kidogo. Mie nliletewa mche toka Uingereza nikauweka kivulini Kisauni, ukatoa majani manne matano, ua sikuliona, mwaka wa pili ukakauka. Na mtu akikuuzia lailaki ya Kiajemi angalia vizuri, mara nyingi huwa ni mwarobaini nusu, Melia azedarach, huo ni mti mkubwa na matunda yake yana sumu, km una watoto uache. Ukitaka harufu panda asmini tu, ni ukoo mmoja na lailaki tena joto haliogopi. Rangi ya zambarau ipo kwa kichaka cha duranta, ila tunda zake pia watoto wasile.