Kwa nini kifua hubana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika

Ndugu uliyeuliza, umesema kifua kinakubana unapopanda ngazi, kinaachia ukisimama kidogo, na kipimo cha umeme wa moyo ulichofanyiwa ukiwa umelala kimetoka safi. Mimi ni mgonjwa wa muda mrefu wa anjaina, yaani maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha, na naomba usilichukulie jibu hilo safi kuwa ni uzima.

Ugonjwa wa mishipa ya moyo unaoleta anjaina huanza miaka mingi kabla ya maumivu. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miili ya askari waliouawa katika vita vya Korea, na wengi wa vijana hao tayari walikuwa na dalili zake mishipani. Shinikizo la damu, sigara na kisukari huudhoofisha utando wa ndani wa mishipa inayoulisha moyo, kisha lehemu mbaya (kolesteroli) hupenya chini yake. Chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza mpaka zinajaa mafuta na kufia humohumo, na juu ya uchafu huo hujengeka kovu. Mwanzoni mshipa hutanuka kwa nje ili damu iendelee kupita, kwa hiyo mtu hahisi lolote.

Lililonisaidia kuuelewa mwili wangu ni kwamba moyo, hata ukiwa umetulia, huchukua takribani asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoufikia, hivyo kazi ikizidi hauna njia ila kuletewa damu zaidi. Mshipa uliopungua upana kwa asilimia 70 huweza kumtosha mtu aliyekaa, lakini si anayepanda ngazi. Isitoshe, misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake inapolegea baina ya mapigo, na moyo ukienda mbio muda huo hufupika.

Kwangu si kichomi, bali ni uzito katikati ya kifua unaopanda hadi kwenye taya, na huja upesi zaidi nikitembea kwenye baridi au baada ya kushiba. Mwombe daktari akupime moyo ukiwa unafanya mazoezi, au mishipa yenyewe ipigwe picha. Maumivu yakikujia ukiwa umekaa, au yakikataa kuisha ukipumzika, nenda hospitali papo hapo, kwa sababu huenda kovu limepasuka na damu inaganda juu yake, na damu hiyo ikiuziba mshipa, misuli ya moyo huanza kufa.