Maswali ya Wenye Suzuki: Escudo, Keri na Chumvi ya Pwani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, za Unguja na za Pemba, zinahusu Suzuki. Tumeziweka pamoja. Majibu ni ya mafundi wetu wa injini na wa bodi.

Assalamu alaikum. Barazani kwetu pana ubishi usiokwisha. Mmoja anasema Suzuki ni mtoto wa Toyota, mwengine anasema walianza na pikipiki, wa tatu anasema hizi gari asili yake ni India. Nani mkweli?
*Msomaji, Makunduchi*

Waalaykumu salaam. Kila mmoja ameshika kipande, lakini hakuna aliyeifika asili. Suzuki ilianza na mitambo ya kufumia nguo. Michio Suzuki alifungua kiwanda chake mjini Hamamatsu mwaka 1909, na mwaka 1920 kikawa kampuni. Baada ya Vita Kuu vya Pili biashara ya mitambo ile ilianguka, ndipo wakatafuta kitu chengine cha kuuza. Mwaka 1952 walitoa Power Free, baiskeli iliyotiwa injini ya cc 36. Gari ya kwanza, Suzulight, ilitoka mwaka 1955: cc 360, nguvu ikienda magurudumu ya mbele, jambo lililokuwa geni Japani wakati ule.

Udogo huo haukuwa wa bahati mbaya. Sheria ya Japani inazipunguzia kodi gari ndogo ziitwazo kei, na Suzuki ilijijenga humo. Kikomo cha injini kilikuwa cc 360, kikapanda hadi 550 mwaka 1976, kisha 660 mwaka 1990, na hapo ndipo kilipo mpaka leo. Carry, ambayo kwetu ni keri na Bara ni kirikuu, ilizaliwa mwaka 1961. Jimny ilifuata mwaka 1970, Alto mwaka 1979 kwa bei ya yeni 470,000, na Escudo mwaka 1988. Nchi nyengine Escudo huiita Vitara, kwa hiyo usishangae ukiletewa spea yenye jina hilo.

India iliingia baadaye. Maruti 800, iliyojengwa kwa ubia na Suzuki, ilianza kutoka kiwandani Desemba 1983 na ikabadilisha usafiri wa nchi nzima. Aliyelisimamia hilo ni Osamu Suzuki, mkwe aliyechukua jina la ukoo wa mkewe, akawa rais wa kampuni mwaka 1978, na akafariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 94. Ama Toyota, mwaka 2019 kampuni mbili hizi zilikubaliana kununuliana hisa, na Toyota ikachukua kiasi cha asilimia 5 tu. Huo ni ushirika, si uzazi. Tena ile Toyota Starlet mpya inayouzwa Afrika ni Suzuki Baleno iliyobadilishwa nembo, kwa hiyo hapo aliyebeba mwenzake ni Suzuki.

Nina Escudo ya kukodisha wageni. Mgeni aliirudisha kutoka Michamvi, na sasa nikikata kona usukani mzito, gari inajivuta kama imeshikwa breki, na chini kunalia "tak, tak". Fundi mmoja anataka kufungua giaboksi. Nimruhusu?
*Msomaji, Paje*

Usimruhusu bado. Kwanza angalia gari iko kwenye gia gani ya kuvuta. Dalili ulizozitaja ni za gari iliyoachwa kwenye 4H, yaani magurudumu yote manne yakivuta, juu ya lami.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu Escudo si gari moja. Fungua boneti usome kibati cha modeli. Ikiwa ni TD01W, TD52W, TL52W au jamaa zao, yaani zile zilizotoka kabla ya 2005, utakuta 2H (magurudumu mawili yanavuta), 4H (yote manne) na 4L (yote manne, polepole kwa nguvu), iwe kwa mkono wa gia au kwa kitufe. Hizi hazina difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Unapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha. Kwenye lami tairi haitelezi, basi msokoto wote unabaki kwenye shafti. Mlio ule ni tairi au krosi, yaani kiungo cha shafti ya propela, ikijinasua. Ukiendelea hivyo utamaliza tairi, krosi za propela, na mwisho cheni iliyomo ndani ya transfa, boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Dawa: simamisha gari pahala palipo sawa, usukani uwe umenyooka, weka 2H, kisha rudi nyuma mita 5 hadi 10. Msokoto utafunguka. Ikiwa taa ya 4WD inaendelea kumetameta, kwa zile za 1998 hadi 2005 tazama kipampu cha upepo na mpira mwembamba unaokwenda difu ya mbele. Mpira huo hukauka na kupasuka, na bei yake ni ndogo.

TD54W, iliyoanza 2005, ni habari nyengine kabisa. Ina kitufe cha kuzungusha chenye 4H, 4H Lock, N na 4L Lock, haina 2H. Hiyo 4H yake ina difu ya kati, na ni halali kwenye lami siku zote. Kinachokatazwa ni zile mbili zenye Lock. Tunashauri kila anayekodisha abandike karatasi kwenye dashibodi: "Lami 2H" au "Lami 4H", kulingana na gari yenyewe. Mgeni hana njia ya kujua.

Kwenye mchanga laini, punguza upepo wa tairi hadi psi 16 au 18, usipige kona za ghafla, na ujaze tena kabla ya kurudi barabarani. Ufukweni tunaomba gari zisishuke kabisa. Pale chini ndipo kina mama wanapopanda mwani, na maji ya chumvi yakiingia kwenye difu kupitia kipumuo hayatoki wenyewe. Kama imeshatokea, fungua boliti ya kumwagia oili ya difu. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote na utie mpya ya GL-5, 75W-90 au 80W-90.

Escudo yangu TL52W nikiiwasha alfajiri inalia kama kokoto kwenye kopo, sekunde mbili tatu, kisha inanyamaza. Niiwache hivyo?
*Msomaji, Chake Chake*

Usiiwache. Injini yako ni J20A, ya cheni na si ya mkanda. Ndani mna cheni mbili, ya chini kutoka krenki na ya juu inayozungusha kamu. Cheni hukazwa na tenshena zinazosukumwa na shinikizo la oili. Gari ikilala, oili hushuka. Ikiwaka, cheni hucheza mpaka oili ifike. Sekunde moja si neno. Mbili tatu ni onyo. Ikiwa mlio unabaki hata injini ikishapata moto, egesha gari, kwa sababu cheni ikiruka jino valvu zinaweza kugonga pistoni, na hapo utalipia silinda hedi nzima.

Anza na kilicho rahisi. Pima oili gari ikiwa pahala sawa na injini imepoa. J20A zilizochoka hula oili, na wenye gari wengi hugundua taa nyekundu ikishawaka. Tia lita 4 na nusu hivi pamoja na filta mpya, kisha hakikisha kwa kijiti. Oili iwe 5W-30 au 10W-40, si zile nzito za injini kongwe za dizeli zinazochelewa kupanda asubuhi. Filta iwe yenye valvu ya kuzuia oili isirudi. Filta za bei chee mara nyingi hazina valvu hiyo, na mlio huzaliwa hapo hapo. Badilisha kila kilomita 5,000.

Mlio ukibaki baada ya hayo, fungua kava la valvu utazame cheni ya juu na miongozo yake. Ukiona mfereji umechimbika kwenye plastiki, kazi ni kubwa: cheni zote mbili, tenshena, miongozo na sproketi, kwa pamoja. Kutia cheni mpya juu ya meno yaliyolika ni kuitupa cheni hiyo. Agizeni spea kwa namba ya chesi, hasa mnaoagiza kutoka Dar, maana kurudisha boksi lisilo lake hadi Kariakoo ni hasara ya nauli na siku.

Keri inabeba mifuko mingapi ya saruji? Na kwa nini yangu inachemsha kila nikipanda mlima?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Saba. Sheria ya kei inaipa keri mzigo wa kilo 350, na mfuko una kilo 50. Tunajua wanaopakia 12, yaani kilo 600, na gari inaondoka. Inaondoka, lakini haisimami: breki za nyuma ni za ngoma ndogo zilizopimwa kwa mzigo mdogo zaidi ya huo. Baada ya breki huja beringi za nyuma, kisha springi kulala, kisha klachi. Mwenye mzigo wa mifuko 14 aende safari mbili.

Kuchemsha kwake kuna sababu tatu tunazokutana nazo, na ya kwanza ni maji. Visima vyetu vinatoka kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yamejaa chokaa. Ni yale yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko huo unakaa ndani ya rejeta na kuziba mirija. Tumia kuulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Ukikosa, kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi. Hayana chokaa, ila kuulanti bado itiwe, kwani ndiyo inayozuia kutu ndani ya injini.

Ya pili ni thamostati. Mafundi wengi huing'oa na kusema "nchi yetu ya joto, haina kazi". Ina kazi. Bila yake maji hupita mbio na injini ya cc 660 haifiki joto lake, oili inachafuka na mafuta yanaliwa. Ijaribu kwa sufuria: itumbukize ndani ya maji, washa jiko, tazama. Namba iliyochorwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ni joto la kuanza kufunguka. Maji yakichemka nayo bado imefunga, tupa.

Ya tatu ni hewa. Injini ya keri iko chini ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo mipira ni mirefu na hewa hunasa njiani. Ukishajaza maji, nyanyua pua ya gari kwa jeki au ipandishe kwenye mwinuko, fungua hita mpaka mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, na uendelee kuongeza mpaka mapovu yaishe na feni iwake mara mbili. Mfuniko usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Na ikiwa mapovu hayaishi hata baada ya nusu saa, gasketi ya hedi imeshapasuka.

Jambo moja zaidi: keri za miaka ya tisini zina injini ya F6A yenye mkanda wa taimingi, ubadilishwe kila kilomita 100,000. Keri ya DA63T ina injini ya K6A yenye cheni. Usimlipe mtu pesa za mkanda usiokuwamo.

Chesi ya Escudo inaliwa na kutu. Wanasema nipake oili chafu.
*Msomaji, Nungwi*

Usipake. Oili iliyotumika ina asidi, inalainisha bushi na mipira ya breki, na ikidondoka inazama kwenye mawe mpaka kwenye maji ya kisima tunayokunywa.

Escudo za kabla ya 2005 zina chesi kamili, na kutu huanza pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye viungo vya mikono ya ekseli hiyo. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kibovu hunyamaza. TD54W chesi yake imeunganishwa na bodi, na huoza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kizingiti cha mlango. Kwa zote, tazama mirija ya breki kabla ya jambo lolote jengine.

Kutu ya juu juu: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, subiri ikauke siku nzima, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, paka dawa ya asidi ya fosfori, kisha praima ya zinki, kisha rangi mikono miwili. Ndani ya chesi pulizia nta kupitia matundu yake. Ikiwa nyundo imetoboa, kata mpaka kwenye chuma kizima na uchomee bamba la milimita 3. Waya za betri na kompyuta ya injini zitolewe kabla ya kuchomea.

Jimny au Escudo kwa kukodisha?
*Msomaji, Jambiani*

Escudo ya milango mitano. Jimny inapita popote, lakini mabegi ya wageni wawili yanaijaza. Wenye Escudo hulalamikia mafuta, kilomita 8 hadi 10 kwa lita kwa ile ya cc 2,000 otomatiki, na bati lake jepesi. Wanachosifu ni wembamba wake kwenye vichochoro vya mjini na kwamba fundi wa kila kijiji anaijua.

Nimeonyeshwa TD54W bandarini. Nitazame nini kwanza?
*Msomaji, Wete*

Fika mapema kabla haijawashwa, ushike injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna mlio ambao hawakutaka uusikie. Ikiwa baridi, vuta kijiti cha oili, kisha iwashe mwenyewe na usikilize cheni. Halafu lala chini utazame matao ya nyuma na mirija ya breki. Mwisho zungusha kitufe kwenye 4H Lock, kisha 4L Lock gari ikiwa imesimama na giaboksi ikiwa kwenye N, na uhakikishe taa zote mbili zinawaka na zinazima.