Kanisa lililo darini, Amsterdam

Ndugu uliyeuliza kama Ons' Lieve Heer op Solder, makumbusho yenye kanisa la siri darini, inafaa kwa mwenye nusu siku tu Amsterdam: nenda, tena bila kusita. Kwa nje ni nyumba ya mfanyabiashara kando ya mfereji, haina msalaba wala mnara. Tangu 1578 Wakatoliki walikatazwa kusali hadharani, ndipo Jan Hartman aliponunua nyumba hiyo mwaka 1661 pamoja na mbili za nyuma yake, akaziunganisha juu kabisa kuwa kanisa. Wakuu wa mji walijua, ila mradi halionekani barabarani, waliliacha.

Unapita sebuleni, unapanda ngazi nyembamba, mara unatokea mbele ya madhabahu, na juu yako roshani ghorofa mbili zimezunguka. Hapo nilikaa kimya muda mrefu. Watu walipanda humo kila Jumapili kwa zaidi ya miaka 200! Usiikose mimbari: imefichwa ndani ya kitako cha nguzo ya madhabahu, hutolewa ikihitajika.

Mama uliyemtaja kuwa anaumwa magoti atapata taabu, ngazi zimesimama mno.