Vishindo darini, mtoto analia nje, mtu anakabwa alfajiri: jinsi ya kuichunguza nyumba "yenye majini"

Mkuu uliyeuliza kama nyumba uliyopanga ina majini: umetaja mambo matatu, vishindo darini, mtoto anayelia mwembeni ilhali majirani hawana mtoto mchanga, na mkeo kukabwa karibu na alfajiri. Usiyafunge fundo moja. Nyumba nyingi zinazosifika kwa majini zina vyanzo viwili au vitatu visivyohusiana, ila hadithi imevishona vikawa nguo moja.

Kabla ya yote, jiko la mkaa. Kama mnalala nalo ndani, hata likiwa limebaki makaa tu, linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Inaleta kuumwa kichwa, kichefuchefu na kifua kizito, na inaweza kumfanya mtu asikie na kuona yasiyokuwepo. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wageni nyumbani mwao. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupasha nyumba joto. Alama yake ni kwamba mnaumwa wote kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Jiko litoke leo, na jenereta kama ipo. Hili linaua, mengine yatasubiri.

Sasa darini. Mabati hutanuka kwa jua na hujikunja yakipoa, kwa hiyo vishindo vyake huanza jua linapozama na kukoma paa likishapoa. Kishindo cha saa nane usiku, tena kinachohama kutoka kona hadi kona, kina miguu. Wengi humwaga unga ili wasome nyayo. Majivu ni bora, maana unga unakaribisha panya ambao hukuwa nao. Chekecha vikombe viwili vya majivu makavu juu ya kipande cha plaiwudi, tabaka jembamba kiasi cha kuona rangi ya ubao kwa chini. Yakizidi, nyayo zinabomoka na husomi kitu. Weka karibu na mfuniko wa dari, ukikanyaga mbao tu, kwani jipsamu haibebi mtu. Asubuhi, vidole vidogo na mstari katikati ni panya na mkia wake. Viganja vya duara visivyo na alama ya kucha ni paka.

Majivu yakibaki safi, tafuta popo. Kinyesi chao kinafanana na cha panya, lakini ukikisugua kwa kijiti kinamomonyoka na kumetameta, kwa sababu ni mabawa ya wadudu. Usikifagie kikiwa kikavu. Vaa barakoa, kiloweshe kwanza, maana vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu.

Huyo mtoto wa mwembeni karibu hakika ni komba, yule yule tunayemsema tukisema fulani kalewa kama komba, kwa tabia yake ya kuiba tembo la mnazi. Sauti yake ni ya kichanga hasa, na ndiyo maana imewatoa watu ndani na taa mkononi miaka nenda rudi. Mulika matawi kwa tochi ukiwa umeishika usawa wa macho yako, siyo kiunoni. Macho yake yatarudisha mng'ao mwekundu. Ukisikia mlio wa kukwaruza, au mkoromo kama wa mtu mzima unaotoka kwenye paa, hao ni bundi wenye uso mweupe na makinda yao.

Kukabwa ni suala la ndani ya mwili. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegezwa ili mtu asiitekeleze ndoto. Akili ikiamka kabla misuli haijafunguliwa, unaona chumba, huwezi kusogea, na ndoto inaendelea juu ya kifua chako. Ndiyo jinamizi la wazee wetu. Huja zaidi kwa aliyelala chali, aliyekosa usingizi, au anayefanya kazi za zamu. Mkeo alale ubavu, na likimshika asipambane na mwili mzima: ahangaike na kidole kimoja cha mguu mpaka kisogee. Kama pia anasinzia ghafla mchana, au magoti yanalegea akicheka, aende hospitali.

Angalia yaliyotokea Pemba na Unguja mwaka 1995, enzi za Popobawa, yule jini aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wakikesha. Na kukesha ndiko kunakolizidisha jinamizi usiku unaofuata. Mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa kwa kudhaniwa ndiye. Kwa hiyo usitaje jina la jirani yeyote, hata kwa utani, kabla hujapanda darini.

Simu itakusaidia kurekodi sauti, basi. Zile programu za "kupima mizimu" zinasoma sumaku: sogeza simu kwenye nondo za dirisha uone jini linavyopanda. Vijiduara vyeupe kwenye picha ni vumbi lililopigwa na flashi karibu na lenzi. Pigapiga godoro, piga picha tena, vitaongezeka.

Kikubwa ni daftari. Kila mtu na lake, aandike saa, sauti ilitoka upande gani, ilidumu kiasi gani, na aandike kabla hajasimuliana na mwenzake. Mkishakaa sebuleni mkaongea, asubuhi wote mtakuwa mmesikia kitu kimoja.

Dua someni, hazigombani na ngazi. Ila anayetaka pesa kabla hajauliza hata mnapikia wapi, mwache apite.

Fanya usiku saba. Majivu yakiwa safi, popo hakuna, na vishindo viko pale pale, rudi na saa ulizoandika, aina ya paa na umbali wa ule mwembe.