Breki na Ekseli za Tela

Swali: Tela yangu ya kulala safarini ilitoa harufu ya kuungua nilipoteremka mlima Kitonga wenye kona kali, na fundi wa Iringa amekuta dramu moja ya breki, ile ngoma inayozunguka na gurudumu, imepasuka na ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, imepinda. Je, nibadilishe dramu hiyo pekee? Msomaji, Mbeya.

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Badilisha dramu zote mbili za ekseli hiyo pamoja na viatu vyake, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, kwa sababu zikitofautiana tela itavutwa upande mmoja kila unapokanyaga breki, jambo la hatari mno kwenye kona zile. Ekseli nayo, nakusihi, isinyooshwe kwa moto, kwani chuma hudhoofika. Nunua nyingine inayohimili uzito wa tela iliyopakiwa, baada ya kupima umbali kati ya springi zake. Beringi zipate grisi na sili mpya za kuzuia grisi isivuje.